Tupa

Siku ya kwanza Bi Nafuna alisema, "Chukueni tupa,"
na sisi kumi na tisa tukatazamana.
Lemayian akatupa chingamu yake dirishani.
Mwalimu hakucheka. Akainua kipande cha chuma chenye meno,
kirefu kama mkono wa mtoto, mpini wa mti:
"Hii ndiyo tupa. Muhula mzima hamtaona moto.
Anayetaka cheche akawashe kiberiti kwao."

Kila mmoja akapewa bonge la chuma,
milimita hamsini kwa hamsini, limekatwa ovyo kwa msumeno.
Alibane kwenye jiliwa, alipige tupa
mpaka liwe bapa.
Bapa. Nilidhani ni neno dogo.

Sukuma mbele, inua, rudi. Usikwaruze ukirudi,
tupa haili ikirudi nyuma.
Wiki ya tatu unga wa chuma ulikuwa kwenye chai yangu,
kwenye rasta zangu, kwenye mto ninaolalia.
Kisha unaegemeza skwea ukingoni mwa bonge,
unaliinua dirishani, upande wa maghala ya Enterprise Road,
unafumba jicho moja.
"Ukiona mwanga," alisema Bi Nafuna, "hapo pana kosa."
Niliuona. Kila asubuhi niliuona.

Mchana tulivuka uwanja kwenda kuchora,
maana mwaka wa kwanza wote huchora:
wa mabomba, wa umeme, wa cherehani, sisi wa vyuma.
Mwalimu Mbogho aliweka juu ya stuli birika lililobonyea,
akavuta pazia, akaacha mwanya.
"Msichore birika. Tafuteni mwanga,
birika litakuja lenyewe."
Kerubo wa cherehani akainua mkono:
"Mwalimu, hawa wenzetu asubuhi wanaufukuza.
Sasa mchana waubembeleze?"
Mwalimu akachonga penseli kwa wembe, akachonga,
mpaka kengele ikalia.

Baba yangu hufua masanduku Kamukunji,
ya bati, ya watoto wa bweni.
Hana rula. Ana shibiri yake,
na tindo aliyoirithi kwa mtu aliyemdai.
Ada ya muhula huu ni masanduku sabini na matatu.
Nilihesabu. Yeye hakuhesabu, au hakusema.

Jumamosi moja alipokwenda kunywa uji
nikatoa skwea mkobani,
nikaiegemeza pembeni mwa sanduku jipya,
nikaligeuza kulielekea jua.
Mwanga ukapita, na si uzi:
ungeingiza sarafu ya shilingi.
Pembe ya pili vilevile. Ya tatu vilevile.
Ya nne niliiogopa.

Akarudi na kikombe mkononi, akaiona skwea.
Nyundo mia zilikuwa zikilia kutuzunguka,
lakini nilimsikia.
"Inasemaje hiyo?"
"Milimita mbili, Baba."
Akameza uji wake wote kwanza.
Akashusha kifuniko. *Tak.*
"Iambie limefunga."

Mwisho wa muhula bonge langu lilikuwa arobaini na saba
kwa arobaini na saba, na halikupitisha kitu,
hata pumzi ya mwanga.
Bi Nafuna akalipima, akaandika alama,
akaligonga muhuri wa namba yangu,
kisha akalitupa kwenye ndoo
lilikolala mabonge ya miaka yote, yameota kutu.
Nilitaka kulipeleka nyumbani.
"La kujifunzia hilo," alisema. "Chukua jingine."

Kwa Mwalimu Mbogho nilipeleka mchoro wa sanduku,
limefungwa, ndani giza tupu,
ila pembeni unachungulia ukucha wa mwanga
niliouacha mweupe, bila kuugusa kwa penseli.
Aliisogeza karatasi mbali na macho, akairudisha karibu.
"Pembe hii imepinda."
"Najua, Mwalimu," nikasema. "Ndivyo ilivyo."